Fimbo Isiyo na Kisingizio

Shemeji yangu Verlon Tackett ni mbishi, na ubishi wake si wa kupiga kelele. Ni ule wa kukaa kimya akakutazama mpaka wewe mwenyewe unaanza kujitilia shaka. Miaka yote aliyokuwa akiangusha mierezi na mialoni kwenye vilima hivi kwa msumeno wa mashine hakuwahi kuziba masikio, kisa baba yake hakuziba. Tulimwambia weee, tukachoka. Masikio yakafa. Sasa ana mashine mbili ndogo za kusikilizia, na akichoshwa na maneno ya dada yangu Oleta anazitoa na kuzitia mfuko wa shati, hapo hapo mbele yake, bila haya.

"Mwone," Oleta husema. "Amenifungia duka."

Lakini mikono! Mikono ya mtu yule ilikuwa kitu kingine. Maji ya ziwa letu ni maangavu, unaziona changarawe chini kabisa, na besi, samaki wa humu, wamevuliwa na kuachiwa mara nyingi hata wamekuwa wajanja kuliko mawakili. Huwapati kwa kuwatupia mavyuma makubwa yanayong'aa. Unawabembeleza. Mshipi uwe mwembamba kama uzi wa kushonea, chambo kiwe kijinyoo cha plastiki kisichozidi kidole, chubwi la kukizamisha liwe kama punje ya mahindi. Unakiacha kifike chini, unakivuta kidogo, unatulia, unakivuta tena. Na besi hali kwa fujo. Anakitia mdomoni kama mtu anayeonja mchuzi, akiona hauna chumvi anatema. Kati ya kuonja na kutema ndipo unapotakiwa ujue, na unajua kwa vidole tu. Kinakuja kijishtuko kimoja, kinapita kwenye mshipi, kinashuka kwenye fimbo ya kuvulia, kinakugusa hapa kwenye ncha za vidole. Mimi nyuma ya mashua bado najikuna kichwa, Verlon ameshampandisha wa tatu.

"Wewe unavua kama unamvuta ng'ombe aliyekwama kwenye tope," alikuwa akiniambia.

"Na wewe unavua kama unamtongoza mjane."

"Si ndiyo maana napata?"

Basi. Miaka miwili iliyopita samaki wakaanza kupungua. Kwake yeye, maana sisi wengine tulikuwa tunapata kama kawaida. Kwanza akasema maji yamepanda. Halafu mshipi mbovu, akabadilisha. Halafu ikawa fimbo. Wavuvi wa huku wanaamini fimbo hufa: ukiigongagonga kwenye ubavu wa mashua miaka na miaka, inapasuka ndani kwa ndani pasipoonekana, haipitishi tena kitu. Akasema fimbo yake, ambayo alikuwa nayo tangu binti yao Lorene hajaolewa, imekufa. Akanitupia mimi.

"Chukua, Doyle. Gongo hilo. Litakufaa, wewe hujui tofauti."

Nikaenda nayo kesho yake. Loo! Fimbo ile ilikuwa inaongea. Niliwahisi besi hata wanaopita njia. Nikamrudia mbio nikamwambia, shemeji, fimbo yako nzima, shika mali yako.

"Wanaokula kwako ni wale mapunguani," akasema. "Hao hata ukivua kwa mpini wa ufagio watakula."

Mimi ni mtu wa hasira, kila mtu huku anajua. Siku ile nilimwambia maneno ambayo mchungaji wetu asingependa. Lakini usiku nilikaa nikafikiri, na nilichofikiri sikukipenda.

Oleta alikuwa anaona mengine nyumbani. Verlon ana ugonjwa wa sukari siku nyingi, na sukari hutia vidole ganzi. Asubuhi anakikumbatia kikombe cha bati chenye kahawa inayofuka moshi, kiganja kizima, huku anasimulia habari za majirani, na Oleta anatazama ngozi inavyokuwa nyekundu. Vifungo vya shati la kanisani anamfungia yeye. Akimuuliza kuna nini, anajibu ni baridi. Mwezi wa nane, baridi!

Kwa hiyo Oleta akataka wahamie Tulsa kwa Lorene. Chumba kipo, hospitali iko jirani, wajukuu wapo. Verlon hakutaka hata kulisikia jina la mji.

"Tulsa nikafanye nini? Nivue kwenye beseni la kuogea?"

Siku moja ya Februari waligombana asubuhi mpaka mchana, mimi nikaitwa kuwa refa, kazi nisiyoipenda. Nikawakuta jikoni, maharage na mkate wa mahindi viko mezani, hakuna aliyegusa kitu. Oleta amesimama, mikono kiunoni.

"Doyle, uwe shahidi," akasema. "Verlon, unasema tatizo ni fimbo. Haya, nunua fimbo. Moja. Isiwe ya bei rahisi, maana ukikosa utasema nimekununulia takataka. Wala isiwe ile ya kuuzia figo, maana hatuna, na ukikosa utasema imetengenezewa matajiri wasiojua kuvua. Nunua ya kati. Fimbo isiyo na kisingizio. Ukimpata besi mmoja kabla ya Pasaka, umemhisi mwenyewe na umempandisha mwenyewe, Tulsa sitaitaja tena mpaka nizikwe. Ukimkosa, tunauza mashua, tunauza nyumba, tunaondoka. Bila kununa."

Verlon akamtazama kwa ule utazamaji wake.

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu."

Akacheka. "Basi rudisha masanduku darini, mama. Umeshindwa."

Besi mmoja, jamani! Mtu aliyekuwa akirudi nyumbani na kusahau wangapi amewapata! Nilitaka kucheka naye lakini kicheko hakikutoka. Nilivuta kiti nikala maharage yaliyopoa.

Duka la Bertis liko pale daraja linapoanza. Nje kuna pampu za mafuta, ndani kuna minyoo, barafu, mikate iliyotiwa nyama, na ukuta mzima wa fimbo zilizosimama wima. Wazee hukaa karibu na jiko la kuni wakinywa kahawa ya bure na kusema uongo. Jumamosi ile walikuwa wamejaa, maana habari za masharti ya Oleta zilikuwa zimeshazunguka ziwa lote. Bertis, mtu mnene asiyejua kunyamaza, akatandika fimbo nne kwenye kaunta.

"Mzee Verlon, hili ndilo tabaka langu la kati. Si maskini, si matajiri. Hawa ndio wanaolipa kodi."

Zote zilikuwa za aina anayoitaka, urefu wa futi saba, zile ambazo rili ya kuzungushia mshipi inaning'inia chini yake. Verlon akavaa miwani. Nakwambia, palepale moyo wangu ulipoa, kwa sababu alikuwa Verlon yule yule. Ya kwanza aliikandamiza ncha kwenye zulia, haikujikunja kitu. "Hii ya kuvulia magogo." Ya pili ikapinda mpaka katikati. "Hii nayo inaitikia kila kitu. Ndoana haitaingia mdomoni, samaki atadhani anabebwa." Wazee wakacheka. Ya tatu aliifungia rili, akailaza juu ya kidole kimoja kama mizani, ncha ikaanguka mbele. Akatikisa kichwa. Ya nne ikatulia juu ya kidole bila kwenda huku wala kule, ncha laini, kiuno kigumu.

"Huyu sasa ana adabu," akasema.

Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Baadaye tu ndipo nilipogundua kwamba yote yale aliyafanya kwa macho.

"Haya," Bertis akasema, "ipitishe kooni."

Huku kwetu fimbo ya kubembelezea hainunuliwi bila kupita kooni. Mnunuzi anashika mpini kwa ncha za vidole na kugeuka, na mwenzake anaiweka ncha ya fimbo kwenye koo lake na kusema chochote. Koo linatetemeka, fimbo inatetemeka. Fimbo nzuri inaufikisha mtetemo mpaka mkononi, mbaya inaumeza njiani. Mnunuzi akihisi, ananyanyua kidole cha mkono mwingine. Kwa Verlon desturi hii ilikuwa na utamu wake, kwa sababu anatoa mashine za masikio, haambulii hata neno, na Oleta tangu masikio yalipokufa ameitumia nafasi hiyo kumtukana mbele ya duka zima. Yeye anasimama amewapa mgongo, ananyanyua kidole kila anapotukanwa, na watu wanavunjika mbavu.

Wazee wakasogeza viti. Verlon akatia mashine mfukoni, akageukia dirisha. Oleta akaiweka ncha kooni, akakohoa kama anayetaka kuhutubia.

"Mnamwona huyu? Juzi amemaliza pai nzima ya pichi, akamsingizia mbwa. Mbwa tulimzika mwaka juzi."

Duka likaangua kicheko. Kidole cha Verlon kilikuwa chini.

"Akilala anakoroma, ungedhani msumeno ameumeza. Nimelala na kiwanda cha mbao maisha yangu yote."

Kicheko, lakini kidogo. Walikuwa wameanza kukitazama kidole. Kilikuwa chini.

Oleta akanitazama. Akaikaza ncha mpaka ikabonyea kwenye ngozi, akaongea kwa sauti nzito ya kumwita mtu aliye shambani. "Verlon. Verlon Tackett. Ni mimi."

Kidole chini.

Akaiondoa ncha kooni ameze mate. Fimbo ikabaki hewani, haigusi kitu, haigusi mtu. Na hapo kidole kikanyanyuka.

"Naam!" Verlon akasema kwa ile sauti kubwa ya viziwi. "Inasema hii! Inasema kama redio! Bertis, hii ndiyo yangu!"

Mzee mmoja alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Bertis, yule asiyejua kunyamaza, akageukia ukuta na kuanza kupanga pakiti za ndoana ambazo zilikuwa zimepangwa.

Oleta akairudisha ncha kooni. Nilidhani anataka kumjaribu tena. Hapana. Aliongea polepole, macho kwenye mgongo wa mumewe.

"Nilitaka uhisi, mume wangu. Haki ya Mungu nilitaka uhisi. Tulsa ilikuwa mdomoni tu."

Verlon alikuwa anatabasamu kwenye kioo cha dirisha. Kidole alikuwa ameshakishusha.

Nje, yeye akiwa anafunga fimbo yake nyuma ya gari kwa uangalifu wa mtu anayefunga mtoto mchanga, nilimvuta dada yangu kando. Nilikuwa na hasira, sijui na nani.

"Mwambie."

"Mwambie wewe."

"Ebo! Mke wake nani hapa, mimi au wewe?"

"Mimi nimeshamwambia, Doyle. Umenisikia nikimwambia."

"Basi futa masharti. Mwambie mnabaki, yaishe."

Akafuta macho kwa mkono wa koti. "Yaishe vipi? Leo asubuhi ameshika kikaango kikavu motoni, kidole gumba kimebabuka, yeye anapiga mluzi. Nikienda dukani naogopa nitakachokikuta. Mimi nina miaka sabini na moja. Nani atanisaidia kumlinda huku msituni, wewe? Wewe hata yai linakushinda kuchemsha."

Yai linanishinda kweli.

Machi ikaenda. Kila siku isiyo na upepo mkali tulikuwa ziwani, yeye mbele na fimbo yake mpya, mimi nyuma na ile yake ya zamani. Niliacha kuvua. Nilijifanya navua, kumbe naangalia mshipi wake. Nilikuwa nimejiapiza: nikiuona umejivuta hata kidogo, napiga kelele, shemeji, vuta! Atavuta, atampata, na Oleta ataambiwa amehisi mwenyewe. Mungu atanihukumu akipenda. Lakini samaki wa Machi ni wavivu, na Verlon kwa kutohisi changarawe chini alikuwa ananasa mawe, anakata mishipi, anatukana. Akawa haongei tena habari za wajane. Jioni moja akaniuliza kama naona fimbo inahitaji muda ili izoee. Nikasema labda. Nilipofika nyumbani niliipiga teke ndoo ya watu.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka kulikuwa shwari. Miti ya maua meupe ilikuwa imechanua ukingoni mpaka majini. Tuliingia kwenye mkono mmoja wa ziwa ambao tangu enzi na enzi haujawahi kumnyima kitu. Alitupa karibu na mti uliozama, kurusha kwa kupendeza, chambo kikaingia majini bila sauti. Akashusha ncha, akaanza kubembeleza.

Nikaona. Mshipi wake ulijivuta pembeni, taratibu, kama mtu anayeondoka kwenye ibada hataki aonekane. Ncha ya fimbo ikainama. Ikanyanyuka. Ikainama tena.

"Shemeji, vuta!" nikapiga kelele. "Vuta! Verlon! Unaye, vuta!"

Alikuwa anatazama maua. Mashine zake zilikuwa mfukoni. Akiwa ziwani hupenda kimya chake. Ncha ikainama mara ya tatu, ndefu kabisa, samaki gani yule, na mkono uliokuwa umeshika mpini ulikuwa umetulia kama umeshika fimbo ya kutembelea. Nikaruka, nikapiga miguu sakafuni, mashua ikayumba. Hapo akageuka. Mshipi ulikuwa umelegea.

"Una wazimu?" akasema. "Unawafukuza samaki."

Akazungusha rili, akakileta chambo mkononi ili akitupe tena. Kijinyoo kilikuwa nusu. Mkia umeng'olewa.

Alikitazama muda mrefu. Halafu akatoa mashine mfukoni, akahangaika nazo, vidole vinazikosa, moja ikaanguka nikamwokotea. Alipokwisha kuzivaa akaniuliza polepole.

"Alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alikaa?"

"Alikaa, shemeji. Ncha imeinama mara tatu."

Akaupiga mkono wake kwenye ukingo wa mashua, kwa nguvu, akautazama, akingoja. Akaupiga tena. Damu ikatoka kwenye fundo la kidole, akawa anaiangalia kama ya mtu mwingine.

"Ile ya zamani ilikuwa nzima," akasema.

"Nzima."

"Dukani nilinyanyua kidole wakati gani?"

Nikatazama maji.

"Doyle. Nimekuuliza."

Nikamwambia. Akauliza Oleta alikuwa anasema nini, nikamwambia na hilo, habari za pai na za mbwa na lile la mwisho. Alisikiliza bila kupepesa macho. Nilitegemea abishe. Mungu wangu, nilimwomba moyoni abishe, aseme alikuwa amesimama vibaya, aseme fimbo za Bertis feki, chochote. Hakubisha.

"Jaribu mara ya mwisho," akasema. "Pengine kule dukani kulikuwa na kelele. Sikiliza, sitadanganya safari hii. Nikihisi nitanyanyua, nisipohisi sinyanyui."

Akazitoa mashine. Akageuka akanipa mgongo, akaushika mpini kwa mikono miwili, ncha za vidole vyote kumi, na kidole kimoja tayari kunyanyuka. Fimbo ikaja juu ya bega lake mpaka kwangu. Nikaiweka ncha kooni.

Nilianza kwa kumtukana, kama desturi. Nikamwita kiziwi, mwizi wa pai, mbishi mwana wa mbishi. Kisha nikaishiwa. Nikasema Verlon, usiende. Nikasema mimi nitavua na nani, sina mtu, na ukienda kule utakaa dirishani ufe. Nikasema baki, kaka, baki. Nilikuwa nalia sasa, kwa sauti, mtu mzima na ndevu zangu, ncha inanichoma kooni, na kilio kinakwenda kwenye fimbo ile mpaka naiona mwenyewe inatetemeka kutoka huku mpaka kwenye mikono yake. Nililia hivyo kwa kitambo. Ndege waliokuwa ukingoni waliruka.

Verlon hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, amefumba macho, anangoja kwa heshima.

"Haya, Doyle," akasema. "Nimeshajiandaa. Mbona huanzi?"